Neno Moja Moja, Kutoka Kushoto

Baba yangu alikuwa na kigugumizi. Nalitaja neno hilo kavukavu kwa sababu nyumbani kwetu Temeke halikuwahi kutajwa, na huko kutotajwa nusura kutumalize. Tulisema, "Baba si mtu wa maneno mengi." Mgeni akija, akamkuta amekaza shingo na herufi imegoma kutoka, Mama alikuwa anadakia upesi: "Anasema karibu, pita ndani." Mgeni anapita, mambo yanaendelea. Ndiyo malezi yetu watu wa pwani, sitara. Upungufu wa mtu hausemwi, tena akiwa mzee wako.

Kuoa kwa mshenga kila mtu anaoa kwa mshenga. Baba yeye mshenga alimtumia mpaka buchani. Kwenye vikao vya ukoo alisemewa na ndugu yake, nyumbani alisemewa na sie, na kazini, alikokuwa mkuu wa karakana katika kiwanda cha sabuni upande wa Chang'ombe, alisemewa na vijana wake. Yeye anaanza, mwenzake anamalizia. Mara nyingi walikuwa wanamalizia siyo. Baba anaguna tu, linapita hivyo hivyo.

Halafu kiwanda kikauzwa. Miaka ile ya tisini hiyo ndiyo ilikuwa habari ya mji. Kila ukigeuka unasikia shirika limeuzwa, watu wamepunguzwa, aliyekuwa mhasibu sasa anauza mitumba. Wenye mali wapya wakaleta meneja mpya, Mtanzania mwenzetu aliyesoma nje, mtu wa tai na maneno ya haraka. Naye akatangaza: kila mkuu wa idara atasimama mbele yake na wabia, aeleze kwa slaidi za kompyuta kwa nini idara yake isifungwe. Asimame mwenyewe, asitume mtu. Idara itakayoshindwa kujieleza, kazi yake atapewa mkandarasi wa nje, na watu wake waende nyumbani.

Baba alituletea habari hiyo wakati tunakula. Ilimchukua muda kuitoa yote, na wali ulipoa.

"Nitaacha kazi mwenyewe," akasema. "Bora niache kuliko ku... ku... ku..."

"Kuaibika," Mama akamalizia.

Baba akaguna. Nikaona pale pale kwamba hilo silo neno alilolitaka, na hasira zikanipanda. Mie nina hasira za karibu, kila anijuaye anajua. Nikasema, "Hakuna mtu wa kuacha kazi hapa! Slaidi nitakutengenezea mie." Mama akanikata jicho. Alijua, na mie nilijua, kwamba tatizo halikuwa slaidi.

Nilikuwa nafanya kazi Mwenge, kwenye duka la kuchapa na kutoa fotokopi, si mbali na wachonga vinyago. Tajiri yangu alikuwa mama wa Kihindi, Mshia, mzaliwa wa Dar kama mie tu. Kiswahili chake ukikisikia umefumba macho hujui ni nani. Yeye ndiye aliyenifundisha kompyuta, kwa makelele na kwa upendo. Akikuta umeacha nafasi mbili baada ya nukta atakusimanga mpaka saa ya kufunga. Nikamwambia baba yangu ana mkutano mkubwa, akanipa ufunguo wa duka: "Njooni Jumapili, hakuna wateja. Mzee wako ni mzee wangu."

Jumapili ya kwanza ilikuwa balaa. Nilichapa hotuba ya Baba katika slaidi, nikaziweka kwenye kioo, nikamwambia, "Haya, Baba, soma." Neno la kwanza lilikuwa "karakana". Akakaa pale kwenye K mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Nilimtazama, halafu nikashindwa kumtazama. Akasema atoke nje apunge upepo, nami nikabaki nabonyezabonyeza ovyo, nimejaa machozi.

Programu ile ilikuwa na mbwembwe zake. Maneno yanaweza kuruka, kudondoka kutoka juu, kuzunguka, kutambaa. Ukitaka unaweka na mlio: makofi, breki za gari, taipureta. Sie dukani tulikuwa tunazitumia kwa wateja wanaopenda makuu. Katika kubonyeza kwangu nikachagua maneno yatoke moja moja, kutoka kushoto, na mlio wa taipureta. Ta, ta, ta. Neno, kimya kidogo, neno. Nilikuwa nimeinama naangalia chini ya meza, nikasikia nyuma yangu mtu anasoma: "Karakana... ya kiwanda... hiki... ndiyo... inayoangalia... boila."

Nilidhani ni mtu mwingine kaingia. Haki ya Mungu, sauti ile sikuijua. Ilikuwa nzito, tulivu, sauti ya mwanamume asiyekuwa na shaka. Nikageuka. Baba yuko mlangoni, macho kwenye kioo, anashangaa kuliko mie.

"Irudie," akasema.

Nikairudia. Akasoma tena, laini kama anateleza. Neno likija peke yake, na kugonga kwake, yeye aliliingia bila kugombana nalo. Likiwa limesimama pamoja na wenzake mstari mzima, alikuwa anawaona wote wanamngoja na koo linafunga. Hivyo ndivyo alivyonieleza baadaye. Siku ile hatukuelezana kitu. Nililia, yeye akajifanya anakagua feni.

Kazi ikawa kuzifanya slaidi zote ziende vile vile, na hapo ndipo nilipokiona cha moto. Ile mbwembwe ilikuwa inawekwa slaidi kwa slaidi, kwa mkono. Unachagua kisanduku cha maneno, unachagua mwendo, unachagua neno moja moja, unachagua mlio, unapanga sekunde. Slaidi inayofuata, unaanza upya. Hakukuwa na namna ya kuuchukua mwendo wa slaidi moja ukaupaka kwenye nyingine. Nikawa nakosea: hii inakwenda pole, ile haraka, nyingine maneno yanatokea kulia. Mtu mwingine asingejali. Baba ikibadilika kidogo tu anajikwaa, na akijikwaa mara moja basi, slaidi zote zilizobaki zimeharibika.

"Mwanangu, hii ina... ina..." akasema.

"Inakimbia, najua."

"Hapana. Ina... inachelewa."

Nikamwomba radhi.

Ufumbuzi niliupata katikati ya wiki, nikiwa nachapa mambo ya mteja. Usinakili mwendo, nakili slaidi nzima. Nikaitengeneza moja, nikaipima na pumzi ya Baba mpaka ikakaa sawasawa, nikaiita slaidi mama. Kisha nikawa naizalisha: nakili, ingia ndani ya kisanduku kile kile, futa maneno ya zamani, andika mapya. Mwendo, sekunde na mlio vinabaki, kwa sababu vimeshikamana na kisanduku. Sharti lilikuwa moja. Kisanduku chenyewe usikifute. Ukikifuta, au ukiyahamishia maneno kwenye kisanduku kingine, mbwembwe zote zinakufa na maneno yanajitokeza kwa mkupuo. Nilifuta kimoja kwa bahati mbaya nikalijua hilo.

Jumapili iliyofuata Baba alisoma slaidi zote mwanzo mpaka mwisho. Hakukwama. Alipomaliza alikaa kwenye kiti cha wateja akacheka peke yake.

Tajiri yangu aliziona slaidi zile Jumanne, siku moja kabla ya mkutano. Alikuja nyuma yangu nikiwa nazipitia, akasikiliza ta, ta, ta, akakunja uso.

"Binti, hii ni kazi ya mkuu wa karakana au katuni?"

"Mzee anapenda, mama."

"Mzee anapenda taipureta? Mbele ya wabia?"

"Ndivyo anavyopenda."

Ningesema neno moja tu angeelewa. Mama yule alikuwa na moyo. Lakini neno lenyewe lilikuwa la Baba, na halikuwa langu kulitoa dukani. Jioni nikaomba ruhusa niwahi nyumbani, akasema nenda, mie nitakuwekea kwenye flopi, kesho asubuhi uchukue.

Jumatano nilifika dukani kumepambazuka tu. Umeme hakuna, ilikuwa zamu yetu ya mgao. Tajiri yangu ananingoja mlangoni na flopi ndani ya bahasha safi, uso umemchangamka.

"Nimemtengenezea mzee wangu vizuri," akasema. "Nimeondoa mambo ya kitoto. Maneno yote nimeyahamishia kwenye visanduku vipya, vya bluu, na pambo la dhahabu pembeni. Aonekane mtu mkubwa."

Nikaipokea ile bahasha. "Mama, ile ya zamani ipo?"

"Ya zamani ya nini? Nimeandika juu yake."

Nikaangalia kompyuta imelala pale, nyeusi, haina uhai. Hata kuhakikisha siwezi. Mkutano uko Chang'ombe, upande wa pili wa mji, na Baba ni wa pili kusimama. Nilitaka kumpigia kelele tajiri yangu, na naungama maneno yalishafika mdomoni, lakini ningemwambia nini? Nani alimwambia chochote? Nikasema, "Asante, mama," nikaondoka nakimbia.

Njia nzima nilikuwa najidanganya. Labda amehamisha baadhi tu. Labda kisanduku kipya kimechukua mwendo wa cha zamani. Najua kabisa hakichukui, nimekaa wiki nzima na kitu kile, lakini moyo ulikataa.

Nilipofika ukumbini mkuu wa mauzo alikuwa anamalizia. Huyo alikuwa mtu wa maneno, mji mzima unamjua, anacheka na kila mtu. Baba yuko kwenye kiti cha pembeni, kavaa shati nililompigia pasi tangu jana, suruali imenyooka. Aliponiona akatabasamu. Ndilo lililoniua, lile tabasamu. Nikapiga magoti karibu yake nimnong'oneze, meneja akaita, "Karakana!" na Baba akasimama.

Nikakaa kwenye kompyuta ya meneja, nikatia flopi, nikafungua. Slaidi ya kwanza ikajaa ukutani. Bluu. Dhahabu. Maneno yote yamesimama kwa pamoja, mstari juu ya mstari, mazuri kama kadi ya harusi. Hakuna kilichotembea.

Baba akangoja. Alidhani bado yanakuja. Akangoja tena, kisha akanigeukia, na kutoka usoni kwangu akajua.

"K..." akasema. "K... k..."

Watu wakangoja kwa adabu kwanza. Halafu mtu akakohoa. Shingo ya Baba ikavimba, kidevu kikaanza kucheza. Meneja akashusha macho kwenye karatasi zake, na kushusha kule kulinikata kuliko kicheko. Kicheko nacho kikaja. Mkuu wa mauzo akasema kwa sauti ya kusaidia, "Karakana ya kiwanda hiki, mzee! Si imeandikwa hapo?" Watu wawili watatu wakacheka. Ebo! Nilimwangalia mtu yule, nikatamani nimrushie projekta.

Nikabonyeza tukatoka kwenye onyesho, tukaingia jikoni mwa programu. Ukutani ikaonekana ile sura ya kazi, na vidude vyake vyote juu.

"Dada, kuna tatizo?" meneja akauliza.

"Hakuna tatizo," nikasema. Nikaingia kwenye kisanduku cha bluu, nikafuta kila kitu. Kisanduku kikabaki kitupu na kile kishale kidogo kinapepesa. Hotuba nilikuwa naijua kwa moyo. Nilishaizalisha slaidi kwa slaidi mpaka naiota. Nikamwangalia Baba, nikaanza kuchapa.

Karakana. Nikaacha kidogo.

"Karakana," akasema Baba.

ya kiwanda.

"Ya kiwanda."

Vidole vyangu vikawa ndiyo mbwembwe. Nilichapa kwa mwendo wa slaidi mama, neno, pumzi, neno, na kitufe nilikuwa nakigonga kwa nguvu makusudi ili asikie. Mwanzoni sauti yake ilikuwa inatetemeka. Kufika mstari wa tatu ikakaa. Sauti ile ya Jumapili ikaingia ukumbini, na vijana wa karakana waliokuwa wamejazana dirishani wakaacha kusukumana. Walikuwa wamefanya naye kazi miaka, hawajawahi kuisikia. Nilikuwa naogopa kukosea herufi moja, kwa sababu nikirudi nyuma kufuta, yeye naye atasimama. Nilikosea, wallahi, mara kadhaa. Niliacha na makosa yake. Ukutani pakasomeka "mvkue" badala ya mvuke, na Baba akasoma mvuke.

Tulifika mwisho. Hakuna aliyepiga makofi, lakini hakuna aliyecheka. Nikatoa mikono kwenye vitufe, nikadhani yamekwisha.

Meneja akaegemea mbele. "Mzee, nikuulize swali. Tukiifunga karakana kesho, hili boila letu litaendelea kufanya kazi?"

Mikono yangu ikarudi kwenye vitufe, na haikuwa na la kuandika. Swali hilo halikuwemo. Mie mambo ya boila nayajulia wapi?

Baba akafikiri. "Litafanya kazi," akasema. "Vizuri tu."

Akaishia hapo.

Wabia wakatazamana. Meneja akainua kalamu. "Asante kwa ukweli wako, mzee," akasema, akaanza kuandika. Kule dirishani kijana mmoja akasema, "Mama yangu, katuuza!"

Mie nikaona bega lake la kulia limepanda. Nyumbani tunalijua bega lile. Lilikuwa linapanda neno likiwa limekwama njiani. Baba hakuwa amemaliza. Koo lilifunga pale pale ambapo wao walitaka afikie. Nikainuka kwenye kiti. "Samahani, meneja," nikasema, "anachotaka kusema Baba ni kwamba..."

Baba akanyoosha kiganja, akanielekezea mie. Hakuniangalia. Kiganja kilinikalisha chini kama nimesukumwa.

"S..." akasema. "S... s... s..."

Mkuu wa mauzo akafungua mdomo. Meneja akamwonyesha kidole: nyamaza. Tukangoja. Sijawahi kungoja kitu kama nilivyolingoja neno lile. Nilikuwa nimeuma mdomo mpaka nasikia chumvi.

"Sijamaliza," Baba akasema.

Meneja akaweka kalamu chini.

Ilichukua muda. Alikwama kwenye kila kona, alifumba macho, aligonga paja, alirudi nyuma akaanza upya. Hakuna aliyemsaidia neno hata moja. Akasema boila litafanya kazi vizuri, na hiyo ndiyo hatari yake, kwa sababu wataliangalia linavyokwenda na kusema wale wa karakana walikuwa wanalipwa bure. Mkandarasi atakuja likiharibika, na valvu ya usalama, ile inayotoa mvuke ukizidi, haitoi taarifa inapoharibika. Inakwama kimya. Halafu kuna siku litapasuka. "Na atakayekuwa amesimama pale," akasema, na neno lililofuata lilimpiga mieleka mpaka jasho likamtiririka, "si wewe, meneja. Ni k... ni kijana wa zamu. N... nawajua mama zao."

Mie nikawa nalia waziwazi, sikujificha. Meneja akainamiana na wabia wakanong'ona. Ulikuwa mnong'ono mrefu na Baba alibaki amesimama, mikono nyuma. Kisha meneja akasema, mbele ya wote, "Karakana hatuigusi. Na wewe mzee utabaki mkuu wake." Dirishani ikazuka kelele, mtu akapiga bati kwa kiganja.

Meneja akafunga faili lake, akaangalia saa, akamwita mkuu wa ghala ajiandae.

Baba akanyoosha mkono tena. Kulikuwa na la pili, akasema, la mabomba ya mvuke, na la tatu, la buti za vijana, na kila moja likamchukua muda wake. Mkuu wa ghala akakaa. Meneja naye akafungua faili. Nikaifunga ile kompyuta, nikaweka mikono mapajani, nikamsikiliza baba yangu anaongea mpaka saa ya chakula ikapita.